Walikuja Kula Bata Kwetu Kukimbia Baridi Yao, Ila Mizigo Alibeba Nani?

Hapa tumezoea umbea wa watu tusiowataja majina. "Staa fulani wa kike", "mwanamuziki mmoja anayekaa Sinza", halafu nyie mnaanza kubahatisha. Leo nawaletea wasiotajwa majina wa aina nyingine, na hawa hata ukibahatisha mpaka kesho huwapati.

Mshaziona zile picha za zamani za wawindaji? Mzungu kavaa kofia pana, bunduki mkononi, mbele yake simba kalala kafa. Nyuma wamejipanga watu weusi kibao, wengine wanamwangalia mpiga picha kama wanamuuliza kitu. Chini ya picha jina ni moja tu, na unajua ni la nani.

Tuanze mwanzo. Kwao Desemba mpaka Februari ni baridi ya kufa mtu. London jua linazama saa kumi jioni. Mwenye mkwanja anatafuta pa kukimbilia. Wengi walikuwa wanaenda kusini mwa Ufaransa au Misri, wanaota jua, basi. Ila kama unataka jua, kuwinda, kuvua samaki na bado ule vizuri, Afrika Mashariki ilikuwa moto. Mvua za vuli zinaisha Desemba, masika yanaanza Machi. Hapo katikati ni kaskazi: jua kali, nyasi zimekauka, wanyama wanasogea kwenye maji. Mwindaji anataka nini tena?

Shida ilikuwa kufika. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, safari ya meli ikawa fupi. Mwaka 1896 Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Mombasa, ikafika Ziwa Victoria 1901. Krismasi ya 1904 Norfolk Hotel ikafunguliwa Nairobi. Sasa tajiri anashuka meli Mombasa, anapanda treni, analala kitanda safi Nairobi, kisha anaingia porini na msafara wake. Hata neno letu wakalibeba. Kwetu kwenda Mbagala ni safari, wao safari ikawa kuwinda simba.

Aliyeitangaza hii kitu dunia nzima ni Theodore Roosevelt. Alitoka urais wa Marekani Machi 1909, Aprili mwaka huohuo yupo Mombasa na mwanae Kermit. Huyu hakufuata jua tu, alikuwa anakusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, na alikaa karibu mwaka mzima. Wawili hao waliua wanyama 512. Baadaye akaandika kitabu, na matajiri wakazidi kuitamani safari.

Sasa sikilizeni hii. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60, yaani kama kilo 27, kichwani, kwa miguu. Walibeba mahema, mabeseni ya kuogea, risasi, na chumvi ya kukaushia ngozi, ambayo peke yake ilikuwa tani nne. Na kulikuwa na sanduku la vitabu! Mzee alipenda kusoma, akavitengenezea vitabu vyake majalada ya ngozi ya nguruwe ili visiharibike porini. Sanduku lilipimwa makusudi litoshe mzigo wa mtu mmoja.

Orodha ya vile vitabu ipo mpaka leo, kimoja kimoja, na waandishi wake. Aliyevibeba kaandikwa hivi: mpagazi mmoja. Mimi hapo ndipo niliposimama kusoma, nikaenda kunywa maji.

Tuje kwenye msosi, maana najua mnasubiri. Mgeni alikula nyama ya swala, supu, na mkate wa moto uliookwa na mpishi porini, wakati mwingine kwenye debe tu lililozungukwa na makaa. Jaribu wewe kuoka mkate kwenye debe uone. Roosevelt alibebewa mpaka mapichi ya kopo na maharage ya kopo kutoka kwao. Mpagazi yeye alipewa unga, kama kibaba kimoja kwa siku, na nyama mnyama akipigwa. Huo mgao ndio uliitwa posho. Ndiyo, posho hiihii ya vikao mnayoisikia kwenye taarifa ya habari. Ilianza kama unga wa mtu aliyetembea kutwa na mzigo kichwani. Waganda mpaka leo wakisema posho wanamaanisha ugali.

Mwingine ni mwandishi Ernest Hemingway. Huyu alikuja kwenye baridi yao kabisa, akafika Mombasa Desemba 1933 na mkewe, akaenda kuwinda Tanganyika, pande za Serengeti. Januari akaumwa tumbo la kuhara damu mpaka akachukuliwa na ndege ndogo kupelekwa Nairobi. Alipopona akarudi kuwinda, na kabla ya kuondoka akaenda kuvua samaki Malindi. Kuwinda, kuvua, kula, vyote ndani ya miezi mitatu hivi. Ila wavuvi wa pwani walioijua bahari ile toka kwa babu zao, wao hawakuandikiwa kitabu.

Na kuna kinachouma zaidi. Mgeni akilipa leseni yake anaitwa mwindaji. Wata wa kule Tsavo, waliokuwa wanaangusha tembo kwa upinde vizazi na vizazi, sheria ikawaita majangili, na miaka ya 1950 wengi wakafungwa. Pori lilelile, mnyama yuleyule. Kenya ilikuja kupiga marufuku uwindaji 1977. Kwetu Tanzania bado upo kwa leseni, na bado bei yake si ya mimi na wewe.

Kwa nini nimeandika haya? Bibi yangu aliwahi kuniambia baba yake alikuwa "anabeba mizigo ya wazungu". Nikamuuliza ya nani, wapi, mwaka gani. Akasema, "Mjukuu wangu, sisi tulijua karudi tu." Basi. Historia ya familia yetu upande ule inaishia hapo.

Halafu nina mshkaji wangu Moshi, ni mgumu, anapandisha mizigo Kilimanjaro. Siku hizi mzigo wa mgeni una mwisho, kilo 20. Juzi kanitumia picha aliyopostiwa na mteja wake, wapo kileleni. Mteja kajitag, kampuni imetagiwa, mpaka viatu vimetagiwa. Mshkaji kaandikwa "our amazing porter". Kafurahi kweli, mimi nikashindwa kumwambia kitu.

Kwa hiyo wadau, ombi langu dogo. Ukienda mbuga au mlimani ukapiga picha na dereva, mpishi au mgumu, muulize jina, liandike. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyebeba, aliyepika au aliyefuata nyayo kwenye hizo safari, dondosha jina lake hapo chini kwenye komenti. Nitayasoma yote.