Vigari vya Kalmar

Mwaka 1974 Volvo ilifungua kiwanda mjini Kalmar, Sweden, bila ule mkanda mrefu wa kuundia magari. Wafanyakazi walikuwa wameuchoka; wengi wakiacha kazi. Badala yake, kila gari lilibebwa na kigari cha umeme kisicho na dereva, kikifuata njia iliyowekwa sakafuni hadi kwa kundi la mafundi. Kiliweza hata kulilaza gari kiubavu, fundi asishinde ameinua mikono.

Uungwana huo ulikuwa na mipaka. Vigari viliongozwa na kompyuta, na kompyuta haikuwa mali ya mafundi. Mauzo yalipodorora, kiwanda kilifungwa mwaka 1994. Kile kikubwa cha Gothenburg, chenye mkanda, kiliendelea.