Diski za Hi-Res na Hedifoni: Kila Kitu Unafaa Kujua Kabla Uachilie Doo

Msee, kama ushawahi kuona kale kastika ka Hi-Res Audio kwa boksi ya hedifoni halafu bei ikakushtua, hii story ni yako. Tutaipigia Timboroa, ule mji wa baridi kwa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Mbona Timboroa? Juu kimya ndio kitu ya kwanza hizi diski zinahitaji, na ukiwa Nairobi kimya hata kwa M-Pesa hununui.

Diski gani hizi?

CD ya kawaida ilianza kuuzwa 1982, kazi ya Sony na Philips. Inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kina biti 16. Hiyo inabeba sauti hadi karibu 22 kHz. Sikio la kijana mwenye bahati hufika kama 20 kHz, na hushuka vile miaka inasonga.

1999 hao wasee wawili wakarudi na SACD. Hii inatumia biti moja tu, lakini inapima mara 2,822,400 kwa sekunde, yaani mara 64 ya CD. Mwaka uliofuata ikaja DVD-Audio, yenye biti 24 na hadi 192 kHz. Baadaye Blu-ray nayo ikaanza kubeba ngoma za hivo. Sokoni zilidunda, watu walikuwa wameshahamia MP3, lakini hazikukufa. Thriller ya Michael Jackson iko kwa SACD, na The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd ilitoka hivo 2003.

Sasa hapa ndio wengi huingizwa boksi. SACD nyingi zina tabaka mbili, moja ya CD na moja ya hi-res. Ukiiweka kwa deki yoyote ya CD italia vizuri tu, uite mbogi, mshangilie pamoja, kumbe mnaskia CD. Drive ya laptop pia haisomi ile tabaka ya SACD. DVD-Audio nayo ukiiweka kwa deki ya DVD ya sitting room, mara nyingi itacheza ile sehemu ya video yenye sauti iliyobanwa. Unahitaji pleya iliyoandikwa SACD ama DVD-Audio yenyewe. Kitu wasee hawajui ni kwamba PlayStation 3 za kwanza kabisa zilikuwa zinasoma SACD, kabla Sony waitoe kwa zile zilizofuata. Kwa hivyo ukiona moja mzee imelala kwa duka la mitumba, uliza modeli kwanza.

Pia angalia menyu. Diski nyingi zina mchanganyo wa spika tano na besi yake, halafu na stereo. Wewe uko na masikio mawili, chagua stereo. Ukiacha pleya ijipangie kushusha spika sita hadi mbili, saa zingine sauti ya mwimbaji inazama.

Kimya ndio stima yake

Piga hesabu hii. CD inakupa kama desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na ile kubwa kabisa. Chumba kilichotulia, sema keja ya Timboroa saa sita usiku, kina kelele ya kama desibeli 30. Ukitaka kuskia kila kitu iko kwa hiyo CD juu ya hiyo kelele, volume lazima ifike desibeli 126. Hapo si muziki tena, hapo ni uchungu. Na hiyo ni CD tu. Biti 24 zina nafasi ya desibeli 144 kwa karatasi. Sasa jiulize ndani ya nganya ya Rongai na subwoofer chini ya kiti, hizo biti za ziada zinaenda wapi.

Hata Timboroa kuna malori yakipanda ule mlima usiku kucha. Hapo hedifoni zilizofungwa nyuma ndizo zinafaa, juu zinazuia kelele ya nje. Zile za nyuma wazi zina sauti pana na tamu zaidi, lakini zinaingiza kila kitu na kutoa kila kitu, mpaka brathe wako kwa kitanda kile kingine ataskia ngoma yako. Ucheki na ohm: hedifoni ya ohm 300 ukichomeka moja kwa moja kwa simu itaongea kama mtu ako na homa. Hiyo inataka amplifaya.

Mambo ya baridi: pleya ikitoka kwa gari ama stoo yenye barafu na uiingize kwa chumba moto, unyevu unashika kwa lenzi na diski inakataa kusoma. Iache kama saa moja kabla uwashe. Na tafadhali, usifunge kila dirisha ati unatafuta kimya na jiko ya makaa inawaka ndani. Hiyo gesi haina harufu na inaua.

Tofauti inaskika ama ni story tu?

2007, Meyer na Moran walichapisha jaribio kule Marekani. Walicheza SACD na DVD-Audio, kisha wakapitisha sauti hiyo hiyo kwa kiwango cha CD, watu wachague bila kuona. Majibu sahihi yalikuwa 276 kati ya 554. Hiyo ni kurusha sarafu. 2016, Joshua Reiss wa Queen Mary, London, akakusanya majaribio 18 pamoja na kupata asilimia 52.3, waliofunzwa kuskiza wakifanya vizuri zaidi kiasi. Kwa hivyo kuna kitu, lakini ni kadogo sana.

Mbona basi wengi wanaapa SACD ni tamu? Mara nyingi ni kweli, juu mhandisi aliitengeneza kwa makini akijua mnunuzi ataskiza kwa utulivu, badala ya kuibana ipige kelele kwa redio. Unalipia ile kazi ya studio. Biti ni boksi tu.

Na boksi haiongezi kitu haikuwa ndani. Chukua Chemirocha, ile ngoma ya wasichana wa Kipsigis ambayo Hugh Tracey alirekodi 1950 kule Kapkatet. Ukiiweka kwa biti 24 bado ni maikrofoni ya 1950. Inabamba tu vile iko.

Kwa simu pia cheki rada. Ngoma ya dakika nne kwa MP3 ya juu ni kama MB 10, kwa CD MB 42, kwa biti 24 na 192 kHz ni kama MB 276 kabla ibanwe. Bando yako inalia. Halafu ukiituma kwa Bluetooth inabanwa tena njiani, hata LDAC inaishia 990 kbps wakati CD pekee ni 1,411. Tumia waya.

Masikio hayana spea. WHO inasema desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, ukipandisha volume hayo masaa yanapungua haraka.

Kabla ununue chochote, jipime. Chukua faili ya hi-res, ibadilishe iwe biti 16 na 44.1 kHz, uweke zote mbili kwa foobar2000, programu ya bure yenye kifaa cha kukuchanganyia bila wewe kujua ni gani inacheza. Fanya mara 16. Ukipata 12 ama zaidi, uwezekano kwamba umebahatisha ni chini ya 4 kwa 100, sasa unaweza kutafuta pleya. Ukipata nane, weka hiyo doo yote kwa hedifoni.