Barafu Iliyotutenga na Bara

Mwambie mtu wa Forodhani kwamba barafu ndiyo iliyoifanya Unguja kuwa kisiwa, atakuuliza kama unasema ile ya kwenye juisi ya miwa. Hana makosa. Sisi watoto wa pwani barafu yetu ni ya friji, na umeme ukizimika hata hiyo hatuna. Lakini nakwambieni, vijana wenzangu mnaoandika hadithi za majahazi na masultani: kisa kikubwa cha kisiwa hiki kilianza kabla ya jahazi la kwanza kuundwa, tena mbali, huko kaskazini ya dunia.

Yapata miaka 20,000 iliyopita, sehemu kubwa ya Kanada na Skandinavia ilikuwa chini ya barafu yenye unene wa kilomita, si sentimita. Maji hayo yalitoka wapi? Baharini. Yalipanda kuwa mawingu, yakaanguka kuwa theluji, na theluji ikakataa kuyeyuka. Mwaka juu ya mwaka ikajilundika. Bahari ikawa inakopwa, hailipwi, mpaka maji yakashuka kiasi cha mita 120 dunia nzima. Sasa piga hesabu mwenyewe: mkondo baina ya Unguja na Bara una kina cha makumi machache tu ya mita. Palikuwa pakavu. Mtu angetoka hapa Mji Mkongwe ulipo leo akaenda Bagamoyo kwa miguu, bila tiketi ya boti wala kutapika njiani.

Pemba mbali. Mkondo wake unashuka mamia ya mita, ukabaki bahari vilevile. Wapemba wakiringa kuwa chao ndicho kisiwa cha kweli, hapo nawapa haki yao.

Ushahidi uko Jambiani, ndani ya Pango la Kuumbi. Profesa Felix Chami alichimba hapo mwaka 2005, na wengine wakafuatia. Katika tabaka za zama zile za barafu yametoka mawe yaliyochongwa na watu, na mifupa ya nyati na punda milia. Punda milia, Unguja! Huyo hakuja kwa ngalawa.

Kisha dunia ikapata joto, na deni likaanza kulipwa. Kiasi cha miaka 10,000 iliyopita maji yalirudi mkondoni na mlango ukafungwa. Waliokuwa upande huu wakabaki upande huu. Punda milia na nyati wakamalizika. Chui akabaki, na paa nunga, na kima punju, ambaye leo ukishuka daladala ya Makunduchi pale Jozani utamkuta juu ya mti anatafuna majani, wageni wanampiga picha. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 ilipata zaidi ya 5,800, na wote wako visiwani Zanzibar. Pemba wamo wachache tu, nao walipelekwa na watu.

Nikisimama Jozani huwa natazama ramani kichwani. Hapo ni shingo ya Unguja: upande mmoja Ghuba ya Chwaka, upande wa pili mikoko ya Pete. Ni pa chini, mvua za masika zikikaza msitu hujaa maji. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, leo hata 2 haifiki, lakini hiyo ikiisha yote bahari haitashtuka. Ya Greenland ndiyo ya kuogopa. Imebeba maji ya kuinua bahari mita 7, na inayeyuka sasa hivi. Safari hii kima punju atapanda mti gani?

Barazani kwetu watu hugombana mpaka kahawa ikapoa: nani mwenyeji, nani wa kuja. Mmoja atataja Shiraz, mwengine Oman, mwengine Bara. Mimi siku hizi nawatajia Kuumbi. Waliokaa mle walikuja kwa miguu, na bahari ilipowazunguka pango likaachwa. Likakaa bila watu maelfu ya miaka. Karne ya 7 baada ya Kristo hivi, watu wakaingia tena. Hao walikuja kwa vyombo. Wakawasha moto, wakapika, na chini ya majivu yao ilikuwamo mifupa ya punda milia.