Mtegemezi ni nani?

Kwetu mtegemezi ni anayekula jasho la mwingine. Serikali ya Marekani, inapogawa msaada wa masomo ya chuo, hupima vingine kabisa. Katika fomu ya FAFSA, mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliye chini ya miaka 24 kwa kawaida ni mtegemezi, na kipato cha wazazi wake huingia kwenye hesabu. Kijana Mkongomani wa miaka 20 huko Kentucky, anayepakia mizigo ghalani usiku, anajilipia kodi ya chumba na kumtumia bibi yake pesa Bukavu, bado ni mtegemezi. Wazazi wakikataa kumsomesha, ni vilevile. Kinachomtoa ni mambo kama ndoa, mtoto anayemtunza au utumishi jeshini.

Neno mzazi ni gumu zaidi. Baba mdogo aliyekulea tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ukamwita baba, katika fomu hii si mzazi mpaka awe amekuasili kisheria. Usimwandike. Kama mahakama ya jimbo ilimpa ulezi wako, unahesabiwa unajitegemea. Itunze ile hati. Na kama wazazi hujui walipo, nenda ofisi ya msaada wa fedha chuoni. Afisa ana mamlaka ya kubadili hadhi yako, na barua ya mchungaji anayeijua familia humsaidia kuamua.

Ndugu zangu wakalimani, msimuulize kijana, “Unajitegemea?” Atajibu ndiyo, na ana haki. Msomeeni maswali ya fomu yenyewe, moja baada ya jingine.