Mini na Mgongo wa Chura

Jamani, ubishi huu tuumalize kwa historia, si kwa kelele. Mini, iliyotolewa Uingereza mwaka 1959, ina urefu wa mita 3 hivi, injini imekaa kwa upana, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Kwenye kona inang'ang'ania barabara kama kupe. Ilichukua rali ya Monte Carlo 1964, 1965 na 1967. Ushindi wa 1966 ilinyang'anywa kwa ajili ya taa, eti!

Volkswagen, ile ya mgongo wa chura, injini iko nyuma. Ingia kona kwa pupa uone mkia unavyotaka kukutangulia. Mbio nazo haba.

Mbona basi Safari Rally ilishinda yeye, 1954, 1957 na 1962, na Mini hata mara moja hakuna? Tazama magurudumu. Ya Mini ni inchi 10, shimo linayameza. Ya mwenzake inchi 15, tumbo bapa, na injini inapozwa kwa upepo: hakuna rejeta ya kuvuja porini. Na ule uzito wa nyuma, adui wa kona, ndio unaokandamiza magurudumu yanayosukuma hadi tope liachie.

Lami nipe Mini. Nairobi hadi Kampala, masika ya miaka ile? Sipandi.