Swali la Draupadi: Wanawake wa Hadithi Zetu Jukwaani

Katika nyumba nyingi za Kihindu, kila alfajiri hutajwa majina ya wanawake watano: Ahalya, Draupadi, Kunti, Tara na Mandodari. Wapo wanaomweka Sita mahali pa Kunti. Jirani zetu wanaosoma kitabu hiki cha maadhimisho huenda wakadhani kuwa hao walikuwa wanawake wasiopatwa na doa wala msukosuko. Ahalya alilaaniwa na mumewe akawa jiwe. Kunti alizaa kabla ya ndoa, akamwacha mtoto aelee mtoni ndani ya kikapu. Tara na Mandodari waliuawa waume zao vitani. Draupadi aliwekwa rehani katika mchezo wa kamari. Wazee wa kale waliyajua yote hayo, na bado wakaamuru majina yao yatajwe kabla ya jua kuchomoza.

Tunayasema haya kwa sababu mwaka huu umezuka mjadala kati yetu. Vijana wameomba ruhusa ya kucheza ukumbini ngoma inayowasimulia upya wanawake wa hadithi zetu, wakiwapa maneno ambayo masikio yetu hayakuzoea. Baadhi ya wanachama wanaona kuwa huko ni kukosa adabu mbele ya miungu. Basi na tuitazame historia ya jambo lenyewe, maana sehemu yake kubwa imetoka Gujarat, nchi ya babu zetu.

Mwaka 1949, mjini Ahmedabad, Mrinalini Sarabhai alianzisha chuo cha sanaa kiitwacho Darpana, yeye na mumewe Vikram, mwanasayansi aliyekuja kuasisi mpango wa anga za juu wa India. Mama yake Mrinalini, Ammu Swaminathan, alikuwa mjumbe wa Bunge la Katiba la India. Dada yake Lakshmi, daktari, aliongoza kikosi cha wanawake katika jeshi la Subhas Chandra Bose. Kikosi hicho kiliitwa kwa jina la Rani wa Jhansi, malkia aliyekufa mwaka 1858 akipigana na Waingereza. Upande wa mume, shangazi yake Vikram aliitwa Anasuya. Sisi wafanyabiashara hatupendi sana kulizungumza tukio lake, lakini lazima litajwe: mwaka 1918 alisimama pamoja na wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Ahmedabad waliogoma, hali ndugu yake mwenyewe, Ambalal, alikuwa miongoni mwa wenye viwanda. Ni katika mgomo huo Gandhi alipofunga kula.

Zama hizo binti wa familia yenye heshima hakucheza ngoma mbele ya watu. Bharatanatyam, ngoma ya kusini, ilihifadhiwa kwa karne nyingi na wanawake waliowekwa wakfu mahekaluni, na jamii ikawadharau. Rukmini Devi alipocheza hadharani huko Madras mwaka 1935 watu walishtuka. Mwaka 1947 sheria ya Madras ilipiga marufuku desturi ya kuwaweka wakfu wasichana. Ngoma ikapata heshima. Wale walioilinda wakasahauliwa, na kwa maoni yetu deni hilo halijalipwa hadi leo.

Mrinalini alijifunza lugha ya mikono, macho na nyusi iitwayo abhinaya, ambayo kwayo mchezaji mmoja huwa mke, mume, mama mkwe na kulungu wa msituni kwa kugeuza bega tu. Kwa desturi, lugha hiyo ilieleza zaidi hamu ya mwanamke anayemngojea mpenzi wake. Katika miaka ya 1960, zilipomfikia habari za wake vijana waliokuwa wakijiua huko Saurashtra, yeye aliitumia kueleza vifo vyao. Saurashtra, kumbukeni, ndiko walikotoka wengi wa waasisi wa hekalu hili.

Binti yake, Mallika, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1985, katika machimbo ya mawe karibu na Avignon, Ufaransa, Peter Brook alionyesha Mahabharata kwa muda wa saa tisa. Mallika alikuwa Draupadi. Mzee Bhishma alichezwa na Sotigui Kouyaté, Mwafrika wa Magharibi aliyezaliwa katika ukoo wa wasimulizi wa historia.

Hapa hatuna budi kueleza kisa, kwa faida ya jirani zetu na pengine ya baadhi yetu pia. Mfalme Yudhishthira alicheza kamari akapoteza mali, kisha ndugu zake, kisha nafsi yake mwenyewe. Mwishowe akamweka rehani mkewe, akampoteza naye. Mjumbe alipokwenda kumwita Draupadi, yeye alimrudisha na swali: mume wangu alijipoteza nani kwanza, yeye au mimi? Aliyekwisha kuwa mtumwa ana mamlaka gani ya kumweka mtu rehani? Baraza zima likanyamaza. Bhishma, mkubwa wao kwa umri na hekima, alisema kuwa njia ya haki ni nyembamba mno na hawezi kujibu. Kisha sari ya Draupadi ikavutwa, na kwa rehema za Krishna kitambaa hakikwisha. Wengi wetu tunaikumbuka sari. Swali tumelisahau, ingawa limo kitabuni na halikujibiwa.

Mwaka 1989 Mallika alitoka na mchezo wa peke yake juu ya nguvu za wanawake, ulioitwa Shakti, na uliofuata ulibeba jina la mabinti wa Sita. Miaka hiyohiyo kanda za video za Ramayan na Mahabharat za televisheni ya India zilikuwa zikizunguka nyumba hadi nyumba hapa kwetu, na watoto walivua viatu kabla ya kuzitazama. Tulizipenda, tunazipenda hata sasa. Lakini wanawake wa kwenye kanda zile walilia sana na kuuliza kidogo.

Wanaosema kuwa Sita hapaswi kubishana wakisome kitabu cha mwisho cha Ramayana. Alipotakiwa kuuthibitisha usafi wake mara ya pili mbele ya watu, hakuuthibitisha kwa moto tena. Aliiomba Ardhi, mama yake, impokee, nayo ikafunguka. Nani mcheza ngoma wa leo aliyewahi kutunga jibu kali kuliko hilo?

Kusimulia upya ni desturi yetu. Premanand wa Vadodara, katika karne ya 17, alizunguka akigonga chungu cha shaba kwa pete za vidoleni huku akisimulia masaibu ya Kunvarbai, binti wa mtakatifu Narsinh Mehta, aliyedhihakiwa na wakwe kwa umaskini wa baba yake. Bhavai, mchezo wa vijijini kwetu, humwonyesha Jasma, mchimba udongo aliyemkataa mfalme wa Patan na kulilaani ziwa lake likauke. Nao Wagiriama, jirani zetu wa pwani, hawahitaji kufundishwa juu ya mwanamke na ngoma: Mekatilili aliwakusanya watu wake kwa ngoma ya kifudu mwaka 1913.

Kwa sababu hizo sisi wa kamati ya maadhimisho tumekubali. Draupadi atacheza usiku wa pili, Jasma baada yake, na Sita mwisho. Majora ya kitambaa cha sari isiyokwisha yamekwisha kutolewa dukani kwa mmoja wetu, bila malipo, na mwenye duka hajauliza yatarudi katika hali gani. Anayekosekana ni Yudhishthira. Vijana wanne wameombwa, na wote wanne wametoa udhuru wa mitihani.