Nani anaisimulia Turkana? Uzi kutoka Lokichar

1/ Mjadala wa siasa ukipamba moto hukosi kusikia kauli mbili. Mmoja anasema mitandao imeua uandishi wa habari. Mwingine anamjibu kwamba mitandao ndiyo imetukomboa. Mimi niko Lokichar, Turkana Kusini, na historia ya huku haimpi ushindi hata mmoja wao. Nipeni dakika tano. Sitaji chama wala mheshimiwa yeyote.

2/ Huku kwetu, mtu akisafiri kwenda Kitale au Nairobi, utasikia "ameenda Kenya". Tunacheka, lakini kuna sababu. Mkoloni aliifanya Turkana wilaya iliyofungwa, mgeni akawa haingii bila kibali. Na anayeamua nani aingie ndiye anayeamua habari gani itoke.

3/ Hata hivyo habari ilipenya. Wafungwa wa kisiasa waliowekwa Lokitaung, kaskazini mwa kaunti yetu, walitorosha barua ya kulalamikia hali yao. Juni 1958 ikachapishwa na gazeti la The Observer, London. Yaani ili Nairobi isikie ya Turkana, habari ilibidi ipitie Uingereza kwanza!

4/ Songa mbele miaka 50. Mwaka 2008 wakimbizi wa kambi ya Kakuma walianzisha KANERE, gazeti lao huru, wakaliweka kwenye intaneti. Hapa nawapa haki wanaosifu teknolojia. Mtu wa kambini, aliyezoea kuandikwa na wageni, sasa akaanza kuandika mwenyewe.

5/ Machi 2012 ikatangazwa kwamba mafuta yamepatikana kisima cha Ngamia 1, hapa bonde la Lokichar. Tangazo lilitoka Nairobi. Mimi niliyekaa karibu na kisima niliisikia redioni, sawa na mtu wa Mombasa.

6/ Wanaosema uongo ulianza na WhatsApp, hii ni yenu. Septemba 2013 serikali na UNESCO walitangaza hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Turkana: mita za ujazo bilioni 200 pale Lotikipi. Vyombo vikubwa vya dunia vikaibeba habari. Vipimo vya baadaye vikaonyesha maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno. Hakuna aliyedanganya kwa simu hapo. Ni maikrofoni zinazoheshimika zilizotangaza kabla ya kupima vya kutosha. Na habari ya chumvi haikusafiri hata nusu ya habari ya maji.

7/ Juni 2018 malori ya kwanza ya mafuta yakaondoka hapa kuelekea Mombasa. Kabla mwezi haujaisha, wakazi wakayazuia. Ukisoma mitandaoni siku hizo ungedhani watu wa Turkana wanapinga maendeleo. Walichodai ni usalama, kwa sababu majambazi walikuwa wakishambulia watu, na ajira. Picha ya lori lililosimama ilifika kila mahali. Sababu ya kusimama ikabaki barabarani.

8/ Machi 2019, njaa. Picha za wazee na watoto waliodhoofika zikaenea, Wakenya wakapaza sauti kwa alama ya reli #WeCannotIgnore. Sauti hiyo ilisaidia, tusiwe wachoyo wa shukrani. Lakini haraka sana mjadala ukawa: je, kuna aliyekufa kwa njaa au hakuna? Upande huu unasema wapo, serikali inakanusha. Mtu ambaye hajala akageuzwa ushahidi wa kubishania.

9/ Babu yangu alikuwa mchungaji. Mtu akija na habari ya mvua au ya wavamizi, alimuuliza: umeona mwenyewe au umeambiwa? Lini? Ulikuwa upande gani wa mto? Hakumvunjia mtu heshima kwa kuuliza. Akihamisha mifugo kwa habari ya uongo, mifugo inakufa. Huo ndio uandishi wa habari, na haukuanza na gazeti wala hautakufa na simu.

10/ Kwa hiyo jibu langu ni hili. Simu imetupa uwezo wa kuanzisha habari, na hilo mababu zetu walinyimwa. Uwezo wa kuimaliza bado hatuna. Kuimaliza kunataka mtu arudi wiki ya tatu, apime maji, aulize lori lilisimama kwa nini, ahudhurie kikao kisicho na picha nzuri.

11/ Mfano ulio mbele yetu: Sheria ya Petroli ya 2019 inatenga asilimia 20 ya mgao wa serikali kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo husika. Jamii ni nani? Nani atashika hiyo asilimia 5, na atamjibu nani? Sijaona klipu ya swali hilo ikivuma. Ya lori niliiona mara mia.

12/ Ukikutana na video ya Lokichar kesho, kabla ya kuisambaza kumpiga nayo mpinzani wako, uliza maswali ya babu. Halafu uliza moja zaidi: baada ya hapo ikawaje? Sisi tuko hapa. Tuulizeni.